Wakili Chomoa na Jeneza la Mkewe

Kabla hawajampa jina la Chomoa, Clem Kubacki alikuwa wakili wa mambo madogo madogo, na mji wetu wote wa Karsten ulimpenda kwa hilo. Ukitaka kuandika wosia, kwa Clem. Jirani kasogeza uzio hatua mbili ndani ya shamba lako la viazisukari, kwa Clem. Shemeji yako kalewa akaingiza gari mtaroni siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, unampigia Clem alfajiri, naye anakuja na koti juu ya nguo za kulalia, anawatukana wote wawili, kisha anawasaidia.

Na kila Ijumaa ya Kwaresima, kwa miaka ishirini na miwili, alisimama mbele ya karai la mafuta katika ukumbi ulio chini ya kanisa la Mtakatifu Florian, akikaanga samaki na wanaume wenzake sita. Watu walipanga foleni mpaka nje kwenye theluji, Wakatoliki na wasio Wakatoliki. Mkuu wa jiko alikuwa Ziggy Pawlak, fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari, mtu wa miraba minne na sauti kama king'ora cha kubadilishana zamu. Ziggy alikuwa kaka yake Lottie, na Lottie ndiye mke wa Clem. Wale wanaume saba walikuwa chanda na pete. Karata walicheza pamoja, kulungu waliwinda pamoja, na wake zao walishachoka kuwauliza walikuwa wapi.

Kisha, mwaka tisini, Merle Rudd alikuja ofisini kwa Clem, akavua kofia, akakaa.

Merle alikuwa mkulima, Mmethodisti, aliyefiwa na mke. Binti yake Denise aligongwa na lori la viazi akiwa na miaka ishirini na minne. Kwa miaka saba alikuwa amelala katika nyumba ya wagonjwa, macho wazi, hajui mtu, analishwa kwa mpira uliopitishwa tumboni. Merle alitaka mpira huo utolewe.

"Nenda Detroit," Clem alimwambia. "Kule kuna mawakili wakubwa wa mambo haya. Mimi ni mtu wa uzio."

"Detroit hawamjui Denise," Merle alisema. "Wewe umemkaangia samaki."

Clem alienda akakaa na Denise saa nzima. Aliporudi nyumbani hakugusa chakula. Lottie akamtazama.

"Mimi nisingefanya," Lottie alisema. "Mpaka Mungu mwenyewe aje na ngazi yake anishushe, mimi sitoki. Lakini wewe si mimi, mzee, na Merle hana mtu."

Basi akaichukua kesi. Kesi yote ilisimama juu ya sentensi moja. Siku walipomzika bibi yake, aliyeteseka miaka mitano kitandani, Denise alimwambia baba yake mezani: "Baba, mimi usiniache hivi." Hakuna karatasi, hakuna shahidi mwingine. Clem alimwambia jaji kwamba baba aliyemlea mtoto, akamfulia, akamlilia, neno lake juu ya mtoto huyo latosha. Jaji alikubali. Mpira ukatolewa, na Denise akafa siku ya kumi na moja.

Hapo ndipo Karsten ilipochafuka. Mabasi yalileta watu kutoka wilaya tatu wakiwa na mabango, wakasimama mbele ya ofisi ya Clem katika baridi inayopasua midomo. Watu wa televisheni wakaja. Kwa kinyozi Norb Feist, mmoja wa wale saba wa jikoni, mtu alimwita Wakili Chomoa, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na kufikia jioni jina lilikuwa limezunguka mji mzima. Asubuhi moja Clem alikuta gunia la vichwa vya samaki mlangoni. Simu ililia, na alipoinua alisikia mtu anapumua tu, kwa nguvu, kama aliye kwenye mashine ya kupumulia. Wakili mwingine pekee wa mji, kijana Lundgren aliyefundishwa kazi na Clem mwenyewe, aliandika barua gazetini kusema kwamba taaluma imeingiwa na najisi.

Sisemi wote walikuwa wabaya. Wengi waliamini kwa dhati kwamba msichana ameachwa afe njaa, na ukiamini hivyo utakaaje kimya? Lakini walikuwepo pia wasiomtembelea Denise hata siku moja katika miaka saba, na hao ndio waliobeba mabango makubwa zaidi. Hao nina hasira nao mpaka leo.

Kwaresima ilipofika Clem alishuka ukumbini na aproni yake kama kawaida. Foleni zilikuwa mbili, makarai mawili. Foleni yake ilianza kuhama, mtu mmoja mmoja, mpaka akabaki na bibi mmoja asiyeona vizuri.

"Huyu samaki kakaangwa na nani?" bibi aliuliza.

"Na Clem Kubacki, mama."

"Aa. Basi nipe kabichi tu."

Ziggy akaja, akamshika bega, akamvuta nyuma ya majokofu. "Shemeji, samaki wanabaki. Nenda nyumbani. Mwaka huu tu."

"Na wewe unanionaje, Ziggy?"

"Mimi nakuona ni mume wa dada yangu," Ziggy alijibu. "Tusiende mbele ya hapo."

Mwaka huo tu ukawa miaka mitatu. Nao watu wa mbali wenye wagonjwa wao wakaanza kumwandikia Clem, akachukua kesi mbili nyingine, moja akashinda, moja akashindwa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Karani wake Thelma Oakes, mama wa miaka sitini asiyeogopa hata kimbunga, ndiye aliyekuwa akisugua matusi kwenye kioo cha ofisi kila Jumatatu.

Mwaka wa pili wa vurugu hizo Lottie akaanza kuangusha vikombe. Kwanza wakacheka. Kisha akashindwa kufunga vifungo vya blauzi. Daktari akawaeleza kwamba ni ule ugonjwa unaokausha misuli ya mwili mmoja baada ya mwingine na kuiacha akili ikiwa nzima, na kwamba mwisho utafika kwenye kupumua. Kuna mashine ya kupumulia, daktari akasema, ambayo mtu hutobolewa kooni ili aunganishwe nayo, lakini wengi hawaitaki. Alisema hivyo huku akimtazama Clem, kana kwamba jibu lingetoka kwake.

"Naitaka," Lottie alisema. "Na mpira wa chakula nautaka, na kama kuna kingine leteni. Nimewaambia sitoki."

Kwenye gari alilia. Kilichomliza kilikuwa aibu. Miaka yote aliwafariji wafiwa wa parokia akisema kifo ni mlango tu, na sasa alikuwa ameushikilia mlango huo usifunguke. Hakutaka mtu ajue. Akamwomba Clem aandike yeye mwenyewe hati ya kwamba anaitaka mashine, pale pale nyumbani, isipitie kwa mgeni, ili siku akishindwa kusema hospitali isije ikaamua vingine.

Hapo Clem alifanya kosa ambalo angemfukuzia kazi kijana yeyote wa ofisi yake. Mganga hajigangi. Wakili haandiki hati ya mtu wa nyumbani mwake, tena hati ya uhai na kifo, hata kama moto unawaka. Lakini ofisi nyingine pekee mjini ilikuwa ya Lundgren, na Lottie alikuwa analia, na mkono wake ulikuwa bado unasogea kidogo. Clem akachapa ukurasa mmoja, Thelma akaitwa kuwa shahidi. Kalamu ilipoanguka mara ya tatu Clem aliushika mkono wa mkewe ndani ya mkono wake, wakaandika jina pamoja.

Mashine ikaja, ikakaa sebuleni penye kinanda. Lottie aliishi nayo miezi kumi na minne, na nawaambia ilikuwa miezi ya mtu anayeishi. Hakuweza kusema tena, wala kusogeza kidole. Alisema kwa kope: Clem ananyoosha ubao wa herufi, anapitisha kidole, na Lottie anapepesa kwenye herufi aitakayo. Clem na binti yao Renata ndio pekee waliokuwa na subira na jicho la kumsoma. Kwa hiyo kila neno la Lottie lilipitia kinywani mwa Clem.

Ziggy alikuja kila Jumapili baada ya Misa. Alikaa ukingoni mwa kiti akishikilia kofia.

"Anasemaje?" aliuliza siku moja.

Clem alipitisha kidole, herufi kwa herufi, akaanza kucheka. "Anasema funga zipu, umetoka kanisani hivyo hivyo."

Ziggy alijitazama, akafunga zipu, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha kicheko kikamkatika. Alimtazama dada yake, akamtazama Clem, na Clem akaliona swali usoni mwake: hayo maneno ni ya nani? Zipu yangu hata Clem angeweza kuiona. Ziggy hakuuliza. Lakini kuanzia siku hiyo alikuwa akiongea na Lottie tu, hamwangalii Clem, na hasubiri jibu.

Wiki ya mwisho ya Januari nimonia iliingia. Ilikuwa Jumanne mchana, nesi ameondoka saa sita, Renata yuko njiani kutoka Grand Rapids na barabara imejaa barafu. Lottie alipepesa majina sita: wanaume sita wa jiko la samaki, Ziggy wa kwanza. Clem alielewa anachotaka: wao ndio walibebe jeneza lake. Akamwambia nyamaza, huendi popote. Saa tisa moyo ulisimama huku mashine ikiendelea kumsukumia hewa, na ilimchukua Clem muda kujua kwamba hewa ile haina tena mwenyewe. Aliizima kwa sababu ya kelele. Alimpigia daktari, daktari akaja akaandika nimonia.

Asubuhi yake gari la kampuni ya vifaa likaja kuichukua mashine. Majirani walisimama kwenye madirisha wakaiona ikitolewa na nyaya zake zikiburutwa kwenye theluji. Hawakuhitaji kingine. Kufikia chakula cha mchana kwa kinyozi Norb Feist walikuwa wameshamaliza kesi na kutoa hukumu.

"Kachomoa," walisema. "Kaanza kwa wa watu, kamalizia kwa wake."

Kwetu mbebaji wa jeneza haombwi kwa simu. Mfiwa anakwenda mwenyewe, kwa miguu kama anaweza, mlango kwa mlango. Na tangu Karsten iwe Karsten hakuna aliyewahi kukataa, hata mwenye ugomvi wa mpaka, hata mwenye kesi na marehemu. Kubebwa na watu wa mshahara ni aibu ya mtu asiye na watu. Ndiyo maana Alhamisi hiyo Clem alikuwa na hofu lakini hakukata tamaa. Wamchukie yeye wanavyotaka, Lottie hawatamkataa.

Watano wa kwanza walimsikiliza vizuri. Hawakumkaribisha ndani, lakini walisema "Kwa Lottie, sawa," wakitazama viatu vyao. Norb Feist aliongeza, "Ziggy kasemaje?"

"Naenda kwake sasa hivi."

"Basi sikiliza kwake," Norb alisema.

Ziggy alifungua mlango akajaa wote. "Ingia, baridi hiyo," alisema, lakini hakusogea.

"Shemeji, Lottie ametaja majina sita. La kwanza lako."

"Kataja kwa mdomo?"

"Unajua hakuwa na mdomo wa kusemea, Ziggy."

"Basi umetaja wewe."

"Nakuapia kwa kaburi la mama yangu, sikumgusa. Ni nimonia. Muulize daktari."

"Daktari alikuwepo wakati huo?"

"Hapana."

"Nesi?"

"Alishatoka."

"Renata?"

"Alikuwa njiani."

"Mlikuwa wewe na mashine," Ziggy alisema polepole. "Nani aliizima?"

Clem angeweza kudanganya. Miaka thelathini ya uwakili, mtu anajua pa kunyamaza. "Mimi. Alikuwa ameshakufa."

Ziggy alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia alichokuwa akikisubiri. Ndipo Clem alipotoa ile hati mfukoni. Lottie hakutaka ionekane, na kuitoa kulimuuma Clem kama kumvua mkewe nguo mbele za watu, lakini alitaka abebwe. Ziggy aliisoma chini ya taa ya barazani, midomo ikisogea.

"Nani kaiandika?"

"Mimi."

"Shahidi?"

"Thelma."

"Karani wako. Na sahihi hii, mbona kama ya kwako?"

"Mkono wake ulikuwa haushiki. Niliushika."

"Uliushika." Ziggy aliikunja karatasi vizuri, kwa adabu, akamrudishia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Niambie kitu, wewe ni mtu mkweli, hilo nitakupa. Mtu mwingine angeleta karatasi kama hii mahakamani, wewe uko upande wa pili, ungefanya nini?"

Theluji ilikuwa inaanza tena. Clem aliitazama karatasi mkononi mwake.

"Ningeichana vipande vipande," alisema.

"Kwa Merle Rudd ulimwambia jaji neno la baba latosha. Mimi si jaji, Clem. Neno la mume kwangu halitoshi." Alifuta pua kwa kiganja. "Nilikaa pale Jumapili sitini. Sijui hata kama kuna siku moja niliongea na dada yangu. Unajua hilo linamfanya mtu nini? Hata ile ya zipu. Hata ile sijui ni ya nani."

"Ni yake, Ziggy. Haki ya Mungu ni yake."

"Misa saa nne," Ziggy alisema. "Tutaonana kanisani." Akafunga mlango taratibu.

Clem aliyashika maneno hayo ya mwisho njia nzima kurudi nyumbani. Alimwambia Renata, "Watakuja. Ziggy kasema tutaonana." Renata, ambaye hakukulia bure Karsten, alimwuliza alisema kwa sauti gani.

Jumamosi kanisa lilijaa, kwa sababu Lottie alipendwa. Wale sita walikuwepo, benchi la tatu kushoto, suti nyeusi, nywele zimechanwa kwa maji. Clem alipowaona alipumua kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Misa ilikwenda. Padri Gauthier, mzee mwoga mwenye moyo mzuri, alihubiri juu ya keki za Lottie na hakugusa kingine. Komunyo ilitolewa, wimbo wa mwisho ukaimbwa, na Padri akainua kichwa kuelekea benchi la tatu, kama anavyofanya kila msiba, wabebaji wasimame.

Hawakusimama.

Kinanda kilirudia ubeti. Padri akainua kichwa tena. Wanaume sita walikuwa wametazama mbele, mikono magotini. Norb Feist alikuwa analia waziwazi, na bado hakusimama. Clem alitoka kwenye benchi lake, akaenda mpaka kwa Ziggy, akainama kama anayeomba nafasi ya kukaa.

"Shemeji. Nakuomba. Si mimi, ni yeye."

"Tumekuja kumuaga," Ziggy alisema kwa sauti ya chini, lakini kanisa lilikuwa kimya kiasi kwamba hata wa nyuma walisikia. "Kumbeba hatuwezi. Tukimbeba tutakuwa tumekusaidia."

Nilikuwepo, na sina la kujitetea. Nilikuwa benchi la sita, mikono miwili mizima, na nilisubiri mtu mwingine asimame kwanza. Nadhani kanisa zima lilikuwa linasubiri hivyo hivyo.

Otto Brandl, mwenye nyumba ya mazishi, akaita vijana wake wawili wa mshahara waliokuwa wakivuta sigara nje. Renata akashika mpini. Thelma akaweka mkoba wake chini akashika mwingine. Merle Rudd akatoka benchi la mwisho na kofia yake ya shambani, Mmethodisti asiyejua apige goti wapi, akashika wa tano. Clem alishika wa sita. Walishuka ngazi za barafu hatua kwa hatua, Thelma akiteleza, Otto akinong'ona "polepole, polepole," na watu wakawapisha njia pana kuliko walivyohitaji.

Ng'ambo ya barabara walikuwa wamesimama akina mama ishirini hivi, wengine wa kwetu, wengine wa mbali, kila mmoja na rozari. Aliyewaongoza alitangaza nia: fumbo hili la rozari ni kwa ajili ya Lottie, na kwa wote waliouawa na watu waliopaswa kuwalinda. Kisha akaanza, kwa sauti nzuri ya kanisani, Salamu Maria, umejaa neema. Clem alikuwa ameinama akisukuma jeneza garini, na nadhani hakusikia ile nia. Alisikia sala tu, sala aliyoisali na Lottie kila usiku kwa miaka thelathini na nane, na ilipofika zamu ya kuitikia, mdomo ulifunguka wenyewe.

"Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu," alisema.

Wale wanawake walikuwa wamekwisha kufungua midomo yao kuitikia. Walipoisikia sauti yake wakaifunga, mmoja baada ya mwingine, wakashusha rozari. Yeye alikuwa bado amewapa mgongo, mkono juu ya jeneza, na alikuwa ameshafika katikati.

"Utuombee sisi wakosefu," aliendelea peke yake, "sasa na saa ya kufa kwetu."

Hakuna aliyesema amina. Otto akasubiri kidogo, kisha akafunga mlango wa gari.